Mkono Uliokataa Mkaa

Siku ya kuniaga mlinunua keki, mkaandika jina langu kwa krimu, na mkuu wa wauguzi akatoa maneno mazuri ambayo mwezi uliotangulia alikuwa amempa fundi bomba. Baadaye, nilipokuwa nakunja aproni yangu ya plastiki, mmoja wenu alinifuata hadi kwenye sinki. "Mama Mwajuma, utuandikie kitu," alisema. "Tunabaki peke yetu na hawa watu." Hawa watu ni maiti. Nimekaa wiki tatu nikijiuliza kama niandike ukweli au niandike yanayofaa kubandikwa ukutani. Nimeandika ukweli. Mkiona haufai, keki mlishaila.

Habari za vyeo sina, maana mwosha maiti hana ngazi ya kupanda. Mshahara mnaujua. Nitawaeleza nilivyoanza, nani alinifundisha, na jambo moja nililolifanya ambalo mpaka leo sijui kama nilitengeneza au niliharibu.

Hospitalini niliingia kama mfagiaji wa wodi ya wazazi. Kwa miaka sita nilipiga deki, nikabeba ndoo, nikashika taa pale umeme ulipokatika na wakunga wakahitaji mwanga. Ukunga sikusomea, lakini macho hayalipi ada. Nilijua tumbo lililozaa na lisilozaa. Nilijua mshono wa kisu ulivyo siku ya kwanza na unavyokuwa baada ya miaka mingi, mstari mwembamba unaong'aa chini ya kitovu. Elimu hiyo sikuiomba, na iko siku nilitamani nisingekuwa nayo.

Kisha familia moja ya kwetu Buyenzi ilifiwa na mama yao hapo hospitalini, wakakataa asiguswe na mtu yeyote ila mwanamke wa Kiislamu. Walikaa barazani tangu asubuhi hadi alasiri. Chef wa huduma, yaani mkuu wa kitengo, alizunguka wodi zote akitafuta, akanikuta na ufagio mkononi. "We ni wao. Ingia," alisema. Niliingia, na nimetoka miaka ishirini na nane baadaye.

Ndani nilimkuta Mama Furaha. Alikuwa mjane wa Uvira aliyevuka mpaka na watoto wanne, mwimbaji wa kwaya ya kanisa la kilokole, na ndiye aliyekuwa akiwaosha wanawake wa Kikristo. Hakunisalimia. Alinyoosha kidole kwenye mabeseni mawili ya bati. Lenye ukingo wa buluu ni la kichwa na kifua, lisilo na ukingo ni la chini, na ole wangu nikiyachanganya. Kisha akanionyesha vingine: pamba, kafuri, kitana cha mti, vipande vya shuka kuukuu vya kufungia taya. Mwisho akalishika pazia la kijani linalotenga meza na mlango, akasema hilo ndilo chombo kikubwa kuliko vyote.

"Ita jina yake kwanza," aliniambia. "Mutu akishikwa bila kuitwa, anashituka."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikaliita jina la yule mama wa Buyenzi, na nawaapia, chumba kilitulia namna ya mtu aliyekuwa akizungumza akanyamaza kusikiliza. Tangu siku hiyo sijamgusa mtu kabla ya kumwita. Ninyi vijana mnaoanza na glavu mbili na redio masikioni, jaribuni kuanza hivyo hata mara moja.

Sheria ya pili ilikuwa ya kunyamaza. Kwetu Waislamu ni jambo la dini: mwosha anasitiri alichokiona, na Mungu naye atamsitiri. Mama Furaha alikuwa na maneno yake, na pazia aliliita kwa Kifaransa. "Kila kitu unaona nyuma ya rideau, kinabakiaka nyuma ya rideau. Hata bibi ya mutu akikuuliza." Katika jambo hilo mimi na yeye hatukuwahi kutofautiana, ingawa kwa mengine tulibishana kila siku, yeye akiniombea nimpokee Yesu, mimi nikimwombea aache kuimba wakati nahesabu maji.

Watu hudhani mambo ya kitandani yanaisha mtu akikata roho. Kwa niliyoyaona, hapo ndipo yanapoanza kusemwa, na kila watu na sheria zao. Makanika mmoja wa Buyenzi aliomba amwoshe mkewe mwenyewe. Ndugu zake walifoka barazani kwamba ni aibu, mpaka sheikh akapigiwa simu akasema inaruhusiwa. Yule bwana aliingia, akamwosha vizuri kabisa, lakini alipofika kwenye nywele alisimama. Hakujua mkewe alikuwa akizigawa upande gani, kwa sababu kwa miaka kumi na moja hakuwahi kumwona kichwa wazi mchana. Alilia kwa ajili ya hilo kuliko kwa ajili ya kifo.

Wakatoliki nao waliniletea binti aliyebakiza wiki mbili aolewe. Walitaka avikwe shela na glavu, azikwe bibi harusi, kwa kuwa hakuwahi kulala na mwanamume na Mungu lazima alione hilo. Gauni lilikuwa refu, tukalipunguza kwa pini saba. Tulikwenda kumwaga maji, hatukukaa hata dakika tano. Tuliporudi, pini zote saba zilikuwa juu ya shuka, zimepangwa mstari mmoja, na gauni limeshuka lilivyokuwa. Nilidhani Mama Furaha amezitoa. Yeye alidhani ni mimi. Hatukuulizana, tulizirudisha tukamaliza kazi.

Watu wa milimani wana yao. Kwao mtu akifa, vitanda vya ukoo mzima vinafungwa mpaka matanga yaanuliwe kwa utaratibu, na atakayevunja mwiko huo ataleta kifo kingine nyumbani. Nimewaona maofisa waliovaa tai wakininong'oneza sikioni kuniuliza maiti itatoka lini, kwa kuwa wana mke nyumbani na wanamwogopa shangazi yao kuliko waziri.

Na wana mkaa. Mtu akifa bila kuzaa, wazee wengine wa huko humzika na kipande cha mkaa mkononi. Kwa Kirundi wanakiita ikara. Maana yake: umezimika, hukuacha moto nyuma yako, usirudi kutafuta chochote. Mapadre wanakataza, walokole wanakemea, na mkaa unakuja tu, ndani ya mkoba wa bibi fulani, umefungwa kwenye jani la mgomba. Jamaa hawapendi kuutia wenyewe. Humpa mwosha. Mara ya kwanza nilikataa, nikamwambia Mama Furaha kwamba kwa dini yangu hiyo ni shirki.

"We hauamini," alinijibu. "Basi haitakufanya kitu. Weka."

Niliweka. Nikaweka tena na tena miaka ile yote, na ni kweli, haikunifanya kitu, mpaka alipoletwa Mademoiselle Perpetua.

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, wa Ngagara, karte ya tatu, yaani mtaa wa tatu. Nusu ya watu wa mtaa ule walijifunza a, e, i, o, u kwa sauti yake. Hakuolewa. Alifika miaka arobaini na saba watu wakiendelea kumwita Mademoiselle, na Parokiani walimtaja kama mfano kwa mabinti. Moyo ulimsimama mbele ya ubao kipindi cha kwanza, chaki mkononi. Aliletwa saa tano asubuhi, na saa sita jamaa zake walikuwa wameshafika: kaka yake, Bwana Leonidas, msomaji wa masomo kanisani na mtu wa ofisi kubwa, pamoja na shangazi yao, mwanamke mzee wa milimani aliyelea familia ile. Mama Furaha alikuwa ameshastaafu, anaishi kwa binti yake Kibenga. Nilikuwa peke yangu.

Shangazi alinipa kifurushi cha jani la mgomba kupitia upenyo wa pazia. Bwana Leonidas alikiona, akatoa simu mfukoni, akaenda kusimama uani kama aliyepigiwa. Wakatoliki wengi wenye tai hupigiwa simu wakati huo.

Nilimwita Perpetua jina lake, nikaanza. Nilipofika tumboni, mkono wangu ulisimama. Chini ya kitovu palikuwa na mstari mwembamba, unaong'aa, wa zamani. Nimeshika taa juu ya mistari hiyo ilipokuwa bado damu. Yule mwanamke alikuwa amezaa, na amezaa kwa kisu.

Nilisimama hapo maji yakinipoa viganjani. Nje ya pazia nilimsikia shangazi akikohoa. Nikitoka niseme mkaa haufai, nitakuwa nimemvua nguo marehemu mbele ya kaka yake. Nikiutia, nitakuwa namwambia mama kwamba hana mtoto, na mahali fulani yuko mtu anayepumua ambaye ninamtangaza amezimika. Mimi siamini mambo ya mkaa. Lakini uongo ni uongo hata kwa lugha usiyoiamini.

"Mama, umemaliza?" shangazi aliuliza. "Weka ile kitu, tuende."

Nikaitii sheria ya pazia. Nilifungua kiganja chake cha kulia nikaweka mkaa, nikakunja vidole. Vilifunguka. Nikakunja tena, vikafunguka, polepole, kimoja baada ya kingine, na mkaa ukadondoka mezani. Mara ya tatu ulianguka sakafuni ukabingirika hadi kwenye tundu la maji, ukasimama ukingoni. Najua mtakavyosema. Nami nimefundishwa ugumu wa misuli unavyokuja na unavyoondoka. Lakini mwili ule ulikuwa umeshakaza, goti lilikuwa gumu, shingo ilikuwa ngumu, na mkono wa kushoto nilishindwa kuunyoosha. Ule wa kulia tu ndio uliokuwa laini.

Niliogopa. Na mtu mwenye hofu hutumia nguvu. Niliuokota mkaa, nikausukuma kiganjani, nikaufunga mkono wote kwa kipande cha shuka jeupe, mizunguko minne, na fundo. Juu yake nikavuta mkono wa gauni ili mtu asione. Hakuna mtu niliyemwambia juu ya kitambaa kile. Walimzika kesho yake kwa maua meupe.

Baada ya hapo chumba kilibadilika. Ilikuwa ni mchana tu, kati ya saa sita na saa saba, wakati wa lile joto linalofanya hata nzi wanyamaze. Palikuwa na harufu ya jiko lililozimwa kwa maji. Fundi umeme alikuja akakagua nyaya, hakuona kitu. Mashuka yaliyotoka kwa dobi meupe nilikuta yana alama nyeusi pembeni, za vidole vinne, na sabuni haikuzitoa. Baadhi yenu mliyaona hayo mashuka mkanilaumu kwamba sijanawa. Nilikubali lawama, ilikuwa rahisi kuliko maelezo.

Ilipita miezi minane. Siku moja nikiwa naanika mabeseni uani, msichana alikuja mpaka kwenye ukuta akasimama juani. Alikuwa na miaka ishirini na minne hivi, tumbo limeanza kuonekana chini ya kitenge. Nilipoinua macho beseni lilinitoka mkononi. Paji la uso, mdomo, hata namna ya kuinamisha shingo upande, vilikuwa vya mtu niliyemwosha.

"Bonjour mama," alisema. "Mi naitwa Ines, natoka Nyakabiga. Natafuta mutu aliyeosha marraine yangu, Mademoiselle Perpetua."

Marraine ni mama wa ubatizo. Aliniambia alilelewa na mama mmoja mwenye kiduka pale Nyakabiga, ambaye amekwisha kufariki. Mademoiselle alikuwa akija kila Jumapili baada ya misa, anamsahihishia daftari, anamsuka nywele, anaondoka. Nilimwuliza ananitakia nini.

"Namuotaka mu ndoto," alisema. "Kila siku nikilala kidogo mchana, anakuja anasimama ku mlango. Hasemi kitu. Mukono moja imefungwa na kitambaa nyeupe, ananionesha tu, kama mutu anaomba wamufungulie. Nani alimufunga mukono, mama?"

Akaendelea kwa sauti ya chini kwamba mimba yake ya kwanza ilitoka wiki ile ile aliyozikwa marraine, na sasa anayo nyingine, na mama mkwe wake ameanza kusema kwamba yeye amefungwa na mtu. "Mi nasali," alisema. "Lakini minaogopa kulala." Wakunga wana sababu zao za mimba kutoka, nyingi na za kweli, na nilimtajia zote. Alinishukuru kwa adabu. Nilimwona haamini hata moja, na mimi niliyekuwa nazitaja sikuziamini pia.

Jumamosi nilikwenda Kibenga. Mama Furaha alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki anaangalia ziwa, miguu imevimba, ulimi uko vilevile. Nilimweleza kila kitu. Alikuwa mtu wa kwanza kuambiwa.

"Siri ni ya yule amekufa," alisema. "Unasikia? Ni yake. Lakini mutoto si siri, Mwajuma. Mutoto ni mutu." Kisha akaniuliza kama nimeshampokea Yesu, na tukanywa chai.

Kutoka hapo nilikwenda Ngagara. Nilipanga kumwambia shangazi kwamba mkaa ule ulikosewa, bila kueleza kwa nini, nikitumaini atanielewa. Alikuwa uani anachambua maharage. Nilisema tu, "Mama, ile siku ya Perpetua, mkaa haukutakiwa." Hakuinua kichwa. Vidole vyake viliendelea kutupa mawe upande huu na maharage upande ule.

"Najua," alisema. "Mi ndiye nilimupeleka kuzaa."

Alinieleza kwa Kiswahili chake cha sokoni, bila kuharakisha. Perpetua alikuwa ameshaanza kufundisha alipopendana na fundi cherehani wa Buyenzi, Muislamu. Shangazi aliuliza kila upande bila kutaja jina. Masheikh wa yule kijana walisema msichana asilimu kwanza, na mtoto aliyetungwa kabla ya nikaha hawezi kuitwa wa baba yake. Padre alisema atakaa benchi la nyuma mpaka atubu mbele ya watu, na kazi ya shule ya Parokia asahau. Wazee wa mlimani walisema msichana aliyebeba mimba nyumbani kwa baba huondoka kabla ya mvua, la sivyo mashamba hayatoi. Walikuwa watu ambao hawakuwa wamewahi kukubaliana jambo lolote. Juu ya Perpetua, bila kumjua, walikubaliana. Shangazi alimpeleka kujifungulia mbali, akamtafutia mtoto mama Nyakabiga, akamrudisha mwalimu shuleni akisema alikuwa na malaria kali.

"Sasa mkaa ulileta wa nini?" nilimwuliza. "Na ulijua."

"Bibi zote za ukoo walikuwa wananiangalia, mama. Nisipoleta ikara, watauliza juu ya nini sikuleta." Hapo ndipo aliponitazama. Macho yake yalikuwa mekundu. "Yeye anakuja hata kwangu. Ananionesha mukono."

Nilimsihi aseme ukweli siku ya kuanua matanga, mwaka ukitimia, wakati ukoo wote utakuwapo. Kwa desturi yao kinachofungwa siku hiyo hakifunguliwi tena. Kama Ines hatatajwa pale, hatatajwa milele, na atazaa mtoto wake akiwa mtu asiye na kwao. Shangazi alitikisa kichwa. "Niliapa mbele yake. Mi siwezi kusema. We haukuapa."

"Mimi nimefungwa na dini yangu," nilimwambia.

"Basi sote tumefungwa," alisema, akarudi kwenye maharage.

Miezi ile minne sikulala vizuri. Niliwaza kumwuliza sheikh, nikaogopa jibu. Ines alikuja mara mbili, tumbo likikua, uso ukipungua. Mara ya pili aliniambia marraine sasa haishii mlangoni, ameingia chumbani, amesimama miguuni pa kitanda.

Siku ya matanga nilivaa buibui safi nikaenda Ngagara. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa chini ya turubai, mbele mapadre wawili, nyuma yao ukoo, na mitungi ya pombe ya mtama imefunikwa pembeni. Ilikuwa saa tisa, jua kali, lakini chini ya turubai palikuwa na baridi, na si mimi tu niliyevuta nguo mabegani. Ines alikuwa kiti cha mwisho kabisa, amealikwa kama mtoto wa ubatizo. Shangazi alikaa mbele, mikono mapajani.

Bwana Leonidas alisoma maisha ya dada yake. Alisema alijitunza kwa ajili ya Bwana, aliishi bikira na kufa bikira, na hakuacha mtu ila wanafunzi wake. Kisha, kama desturi inavyotaka, akauliza kama kuna mwenye neno juu ya marehemu kabla ya kufunga. Nilisikia harufu ya jiko lililozimwa kwa maji. Mwanamke wa mbele yangu aligeuka kuangalia moshi unatoka wapi.

Nilisimama.

"We ni nani, mama?" Bwana Leonidas aliuliza kwa upole.

"Mimi ndiye niliyemwosha dada yako," nilisema. "Nilipewa mkaa nimshikishe. Mkono wake uliukataa mara tatu. Nikaufunga kwa kitambaa, kwa nguvu, kwa sababu niliogopa. Nimekuja kumwomba mtoto wake msamaha, na mtoto wake yuko hapa."

Padre mmoja aliweka kikombe chini. Bwana Leonidas alifungua mdomo, akasema taratibu, "Mtoto gani?" na sauti yake haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyeguswa bega ndani ya chumba alichojua hakina mtu.

Shangazi hakusema neno. Kiapo chake hakukivunja mpaka leo. Aliinuka tu, akapita katikati ya viti vyote akishikilia mabega ya watu, mpaka kiti cha mwisho. Akapiga magoti kwa shida, akaweka viganja vyake viwili juu ya tumbo la Ines, mbele ya ukoo mzima. Kwao shangazi hashiki tumbo la mtu asiye wa nyumbani. Kila mtu pale alielewa kwa wakati mmoja.

Ines aliangalia ile mikono. "Alikuwa mama yangu?" aliuliza. Kisha akauliza tena, safari hii kwa hasira. "Kila Jumapili alinisuka nywele. Juu ya nini hakuniambia?" Mapadre walikuwapo, wazee walikuwapo, na mimi Muislamu mmoja nilikuwapo, na swali lilikuwa letu sote. Bwana Leonidas alivua miwani, akamtazama msichana muda mrefu, kisha akaingia ndani akafunga mlango. Matanga yaliendelea bila yeye.

Ines alijifungua mtoto wa kike, mzima, wiki nne baadaye, katika wodi ile ile niliyopiga deki. Siku ya tatu Bwana Leonidas alikuja na chupa ya uji, akasimama mlangoni, akauliza jina la mtoto. Alipoambiwa, alilirudia mara mbili kwa sauti ndogo. Ines aliniambia kwamba marraine, sasa anamwita mama, haji tena.

Ni kweli, haji kwake. Anakuja kwangu. Nikijinyoosha kidogo baada ya adhuhuri, anasimama mlangoni mwa chumba changu. Kitambaa kimekwisha kufunguliwa, kiganja kiko wazi na hakina kitu. Lakini uso ameugeuzia ukuta. Sijui kama ananishukuru au anaona haya kwa sababu yangu. Miaka ishirini na minne alilala na siri ile, akailinda kila Jumapili kwa kitana na uzi, na mimi niliitoa mchana kweupe, mbele ya kaka yake na mapadre. Mtoto nilimwokoa, naamini hivyo. Mama yake nilimvua nguo.

Habari zilifika Buyenzi kabla yangu. Wanawake wa mtaani wananisalimia vilevile, wananiletea sambusa mwezi wa Ramadhani, wananiuliza hali ya miguu. Lakini tangu siku ile hakuna nyumba iliyoniita kuosha. Wanamwita binti mmoja mdogo, anayemwaga maji harakaharaka, asiyejua hata kugawa nywele. Mwanzoni iliniuma sana. Kisha jirani yangu Bi Zaina, tuliyecheza naye utotoni, alipokuwa mgonjwa sana aliwausia watoto wake mbele yangu, akinishika mkono ili nisikasirike: "Mwajuma ni ndugu yangu, mumupe kiti ya mbele. Lakini asinioshe." Sikukasirika. Nilikuwa nimeshajiuliza mwenyewe ningetaka nani anioshe. Hata mimi nisingependa kuoshwa na mtu kama mimi.